Mnyororo Mpya kwa Meno ya Zamani

Mimi ni karani wa serikali, na kazi yangu iko Homa Bay. Kwetu ni upande wa Migori, kijijini, mbali kidogo na barabara kuu ukiisha kupita Awendo. Kila Ijumaa jioni, ofisi ikifungwa, hupanda pikipiki yangu nikapita Rodi Kopany na Rongo hata nyumbani, na Jumatatu alfajiri hurudi kwa njia ile ile. Safari hiyo nimeifanya miaka sita, na muda huo wote nilijiona mtu aijuaye pikipiki yake, maana nilijua kuitia petroli, kuiosha na kuiendesha. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyotambua kwamba sikuijua, na jinsi ujinga huo ulivyotaka kunigharimu kitu kikubwa kuliko fedha.

Mwezi wa Desemba nilikuwa nyumbani kwa sikukuu. Mdogo wangu, ambaye ni mwendeshaji wa bodaboda mjini Migori, aliinama nyuma ya pikipiki yangu. Akaushika mnyororo kwa vidole viwili, pale unapoizunguka sproketi ya nyuma, yaani lile gurudumu kubwa la meno, akauvuta kuelekea nyuma. Ukanyanyuka hata nikaona mwanga kati yake na meno. Akasema, "Omera, cheni hii imekwisha, na meno nayo yamekwisha. Ukibadilisha, badilisha vyote vitatu: cheni, sproketi ya mbele na sproketi ya nyuma. Nitakununulia Migori kwa mtu ninayemjua."

Nikaitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilisema neno jingine. Nilisema: huyu anataka ninunue vitu vingi ili apate chochote kutoka kwa mwenye duka. Naona haya kuliandika neno hilo, lakini nisipoliandika habari hii haitakuwa na maana.

Niliporudi Homa Bay nilimwendea fundi mmoja. Akaniambia kwamba mnyororo peke yake unatosha, na mimi nikapenda kusikia hivyo. Nililipa shilingi 800 kwa mnyororo na 200 kwa kazi. Siku za kwanza pikipiki ilikwenda kimya, nikajisifu kwa akili zangu. Kabla ya mwisho wa Machi sauti ilianza tena, kama mtu atafunaye changarawe, na mnyororo ukalegea mpaka ukawa unapiga bati. Nikanunua wa pili kwa bei ile ile. Huo nao ulipoanza kulegea nilisema sitampa fundi fedha tena. Nikachukua spana, nikaukaza mwenyewe kando ya nyumba. Na kila uliposikika nikaukaza tena, mpaka ukawa umenyooka kama uzi wa nyatiti. Nilidhani kukaza ndiko kutengeneza.

Mwezi wa Mei mama yetu alikuja Homa Bay kupimwa shinikizo la damu. Ijumaa hiyo alasiri nilimpakia nyuma yangu tuende nyumbani, dawa zake zikiwa mfukoni mwa koti langu. Mvua ya masika ilitukuta tulipokwisha kupita Rodi Kopany. Tulipokuwa tukipanda kilima, nilisikia mlio kama wa fimbo ivunjikayo. Injini ikapiga kelele, na pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Nilishika breki, na kwa rehema za Mungu hatukuanguka. Mnyororo ulikuwa umelala barabarani nyuma yetu kama nyoka aliyeuawa. Lori lililotufuata lilitupita kwa nafasi ya mikono miwili tu.

Mama alisimama kando ya barabara, kitambaa chake cha kichwa kikivuja maji. Hakulalamika. Alisema tu, "Wuoda, mpigie mdogo wako simu."

Mwendeshaji mmoja wa bodaboda aliyekuwa akielekea Rongo alimchukua mama, akamweka chini ya baraza ya duka, akakaa naye, wala hakutaka malipo zaidi ya nauli. Mimi niliisukuma pikipiki nikiwa na suruali ya ofisi na viatu vya ngozi. Nilipofika Rongo, saa mbili usiku, mdogo wangu alikuwa amekwisha kufika kutoka Migori na koti la mvua la pili. Alimfunika mama, akampeleka nyumbani. Pikipiki yangu niliiacha kwenye kituo cha petroli, na asubuhi ikaletwa kwa pikapu.

Jumamosi hiyo saa nne mdogo wangu aliingia uani akiwa na kifurushi: mnyororo mmoja na sproketi mbili, vyote vipya, vya aina ya pikipiki yangu. Alinionyesha stakabadhi. Bei ya vyote vitatu ilikuwa shilingi 1,900. Hakunikumbusha neno la Desemba. Alisema, "Leo fundi ni wewe. Mimi nitakaa kwenye kigoda."

Nitaeleza kazi yenyewe kwa utaratibu, maana wako wasomaji wengi wenye pikipiki kama yangu, na tena nimeona kwamba haihitaji zaidi ya spana chache, koleo, nyundo ndogo, mafuta ya taa na nusu siku.

Kwanza tuliisimamisha pikipiki juu ya stendi kubwa mahali palipo sawa, tukazima injini na kuutoa ufunguo. Mdogo wangu aliuweka ufunguo mfukoni mwake. Alinionyesha mkono wake wa kushoto, ambao kidole kimoja hakina ncha. Alikipoteza siku aliyousafisha mnyororo huku injini ikiwaka na gurudumu likizunguka. Miaka mingi nilikiona kidole hicho, na sikupata kumwuliza.

Kisha tulifungua kifuniko cha sproketi ya mbele, kilicho upande wa kushoto wa injini. Ndani mlikuwa na tope na grisi iliyoganda, tukazikwangua kwa kijiti. Kabla ya kuutia mnyororo mkono, aliniambia nilegeze boliti za sproketi hiyo ndogo. Pikipiki ilitiwa gia ili chuma kisizunguke. Mtu ambaye mnyororo wake haujakatika hukanyagiwa breki ya nyuma pia, lakini akiutoa mnyororo kwanza, breki haitaweza tena kuizuia sproketi ya mbele, na boliti zitamsumbua. Nililegeza pia nati ya ekseli ya nyuma na zile skrubu mbili za kukazia mnyororo, moja kila upande. Nati na skrubu nilizitia katika bakuli moja, kila namna na karatasi yake, kama nifanyavyo na majalada ofisini. Kwa hilo alinisifu.

Mnyororo mpya una kiungo kimoja kifungwacho kwa klipu ndogo. Ule wa zamani ulikuwa umekatikia hapo hapo, basi hatukuwa na la kufungua. Tulitenganisha fimbo ya breki, tukachomoa ekseli, tukatoa gurudumu. Sproketi ya nyuma ilikuwa imefungwa kwa nati nne. Nilipoitoa, mdogo wangu aliiweka juu ya ile mpya, tundu kwa tundu. Hapo nilinyamaza. Meno ya ile mpya yalikuwa na mabega pande zote mbili, sawasawa. Meno ya ile ya zamani yalikuwa yamechongoka na kuinamia upande mmoja, kama ndoano za kuvulia mbuta. Ile ndogo ya mbele ilikuwa mbaya zaidi. Niliyahesabu meno: mbele 14, nyuma 42. Yaani ile ndogo huzunguka mara tatu wakati ile kubwa inazunguka mara moja, na kila jino lake hukutana na mnyororo mara tatu zaidi. Haishangazi ikiwa yenyewe hutangulia kulika.

Nikiwa sekondari ya misheni nilifundishwa uwiano wa magurudumu ya meno, nikapata alama nzuri. Nilijua hata kwamba mnyororo wa namna hii, wenye pini, bushi na rola, ulivumbuliwa na Hans Renold mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Hayo yote niliyajua kwa chaki. Kwa mkono sikujua lolote.

Hata hivyo elimu yangu haikukosa kazi siku hiyo. Nilikwenda kuchukua rula yangu ya ofisini. Mnyororo wetu ni wa namba 428. Tarakimu ile ya kwanza, yaani nne, ni hesabu ya sehemu za nane za inchi: kutoka pini mpaka pini ni nusu inchi, au milimita 12.7. Basi pingili 20 za mnyororo mpya ni inchi 10 kamili, milimita 254. Nilipima mpya, ikawa hivyo. Nilipima ule uliokatika, uliokuwa na umri wa wiki chache, nikauona umepita milimita 259, kipimo ambacho mnyororo kama huu ukikifikia haufai tena. Mdogo wangu, aliyezoea kupima kwa kuvuta kwa vidole, alitazama rula akacheka. Akasema, "Kumbe vidole vyangu vimesoma."

Watu husema mnyororo umevutika, lakini chuma hakivutiki. Ni pini na bushi zinazosagika ndani, ambako jicho halifiki. Vumbi la barabara zetu za murramu na tope la udongo mweusi huingia humo, likachanganyika na mafuta, likawa kama msasa. Kila kiungo kikipoteza robo tu ya milimita, mnyororo wenye pingili 118 utarefuka karibu milimita 30, zaidi ya inchi moja. Basi pingili zilizorefuka haziketi tena chini ya meno. Hupanda juu yake na kuyachonga mpaka yawe ndoano. Na ukiutia mnyororo mpya juu ya ndoano hizo, pingili zake zilizo sawa hazipatani na meno yasiyo sawa. Meno machache ndiyo yanayobeba mzigo wote, na mnyororo mpya huharibiwa mara moja na ubovu alioutengeneza yule wa zamani. Hilo ndilo lililokula shilingi zangu mara mbili.

Nilimwuliza, "Na kwa nini ulikatika, badala ya kulegea tu?" Akaniuliza nilikuwa nikiukaza namna gani. Nikamweleza. Akasema kwamba mtu akiketi juu ya pikipiki, na hasa watu wawili, springi za nyuma hushuka, na mnyororo hujikaza zaidi kuliko ulivyokuwa pikipiki iliposimama tupu. Kwa hiyo lazima uachiwe nafasi. Mimi sikuacha hata kidogo. Nilipompakia mama niliutia mnyororo uliochoka katika mvuto usioweza kuuchukua, tena katika kilima.

Basi haikuwa mvua, wala fundi, wala mwenye duka. Ilikuwa spana yangu.

Tulikaa kivulini kidogo, mikono yetu ikiwa myeusi. Nilifikiri mambo ya mwaka 2006. Baba alikuwa amefariki, na mimi nilikuwa kidato cha tatu bwenini. Mdogo wangu alikuwa amemaliza darasa la nane na kupata nafasi ya sekondari. Karo ilitosha mtoto mmoja. Wazee walikaa, wakasema aliye karibu na mwisho amalize. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, lakini yeye alikuwa amekwisha kuzoea kubeba abiria kwa baiskeli. Mwaka huo huo iliondolewa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, zikajaa Migori kama nzige, naye akahama kutoka baiskeli kwenda pikipiki ya mtu, na baadaye yake mwenyewe. Kwa kazi hiyo alimtunza mama siku zote nilizokuwa mbali nikivaa shati jeupe. Na mtu huyo ndiye niliyemdhania kwamba angeniibia shilingi mia mbili.

Nikamwambia. Nilisema, "Desemba, uliponiambia ninunue vitatu, nilidhani unatafuta faida." Alikuwa akifuta sproketi kwa kitambaa. Akasema, "Nilijua. Uso wako ulisema." Akanyamaza, kisha akasema, "Twende, jua linapanda."

Tukafunga sproketi mpya. Nati za nyuma hazikazwi kwa kufuatana. Hukazwa kwa kuvukana, hii kisha ile iliyo mkabala nayo, ili chuma kikae sawa. Tukarudisha gurudumu. Ncha mbili za mnyororo mpya tuliziunganisha juu ya sproketi ya nyuma, kwa sababu meno huzishika zisitoroke. Halafu klipu: ina upande uliofungwa kama kichwa cha samaki na upande ulio wazi kama mkia. Kichwa lazima kielekee kule mnyororo unakokwenda, samaki aogelee mbele. Ikitiwa kinyume, kitu chochote kikiigusa kinaweza kuing'oa.

Kisha nafasi. Nilipima kwa rula katikati ya mnyororo wa chini: uende juu na chini karibu inchi moja, milimita 25, au kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Tulizungusha gurudumu polepole na kupima mahali pengi, kwa maana mnyororo hauwi sawa kila mahali, na nafasi huachwa kwa kufuata pale unapokaza zaidi. Alama za skrubu za kulia na kushoto tulizilinganisha, gurudumu lisikae upande. Mwisho nikakaza nati ya ekseli kwa nguvu zangu zote, nikapima tena, nikarudisha fimbo ya breki. Nikajifuta mikono, nikasema, "Imekwisha."

Mdogo wangu hakuinuka kigodani. Akasema, "Tazama bakuli."

Nilitazama. Mlikuwa na boliti moja, nati moja na pini yake. Zilikuwa za kile chuma chembamba kinachoishika sahani ya breki ya nyuma isizunguke pamoja na gurudumu. Kama ningeondoka hivyo, ningekanyaga breki mara ya kwanza, sahani ingezunguka, fimbo ya breki ingepindwa, na gurudumu lingeweza kukwama ghafula. Jumatatu alfajiri ningekuwa nateremka kuelekea ziwani. Nilikifunga chuma hicho, nikatia pini, nikaikunja ncha yake. Mikono ilitetemeka. Yeye alikuwa ameiona boliti hiyo tangu zamani. Aliniacha nimalize kwanza ili nisiisahau maisha yangu yote. Sitaisahau.

Tangu siku hiyo nina daftari dogo chini ya kiti cha pikipiki. Nimeandika kilomita za siku tulipofunga vyombo vipya. Baada ya safari ya kwanza nilipima tena, maana mnyororo mpya hulegea kidogo siku za mwanzo. Kila Jumamosi naufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, injini ikiwa imezimwa na ufunguo u mfukoni, kisha naupaka oili ya gia. Si oili nyeusi iliyomwagwa kutoka injini, kwani hiyo imejaa uchafu ule ule tunaoukimbia. Tukipita matope, siingoji Jumamosi. Katika daftari hilo hilo nimeandika hesabu yangu ya ujinga: minyororo miwili na kazi, shilingi 2,000, vyombo vitatu ambavyo ningevinunua tangu mwanzo, shilingi 1,900. Usiku wa mama kwenye mvua sikuuandikia bei.

Wasomaji wenzangu, na hasa ninyi makarani wenzangu, tumezoea kufikiri kwamba mtu akijua kuandika barua ya serikali amejua yote, na kwamba mikono yenye grisi ni ya watu wengine. Tunampa fundi pikipiki na kumwambia atengeneze kwa bei ndogo, kisha tunamlaumu. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza: yafaa kumwuliza hata mdogo wako, na akikujibu usiutafute ubaya ndani ya jibu lake. Na ninyi wakulima, ambao pikipiki zenu hubeba miwa, mahindi na wagonjwa, tazameni meno ya sproketi kabla ya kununua mnyororo. Yakiwa yamechongoka kama ndoano, msinunue kimoja. Ngojeni mpate fedha za vyote vitatu, na wakati wa kungoja endeni polepole, bila kupakia mtu nyuma.

Mwezi wa Juni mama alikuwa na tarehe nyingine ya kupimwa. Nilifikiri atataka kupanda matatu. Alitoka nyumbani na mfuko wake, akaizunguka pikipiki, akaitazama kama mtu anunuaye ng'ombe, akaniuliza, "Ni nani aliyeitengeneza?"

Nikasema, "Ni mimi. Mdogo wangu alinisimamia."

Akasema, "Haya," akapanda.